Kujenga na Kujaza Tuta la Matofali ya Saruji: Jibu kwa Msomaji Mwenye Udongo wa Mfinyanzi

Swali: "Uwanja wangu una udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji kila mvua inaponyesha, kwa hiyo nimeamua kujenga tuta lililoinuliwa kwa ajili ya mboga. Nina matofali ya saruji yenye matundu, mengi yakiwa mapya na mengine yametoka kwenye ukuta wa zamani uliobomolewa, ambayo baadhi yake yana rangi. Nilikusudia kozi tatu, yaani safu tatu za matofali, kwenda juu. Jirani ananiambia saruji hutoa sumu inayoingia kwenye mboga. Fundi anashauri nimwage zege chini na kupiga lipu ndani ili tuta liwe imara. Rafiki anasema niweke kokoto chini ili maji yatoke, kisha nijaze mbolea tupu bila udongo. Nina watoto wadogo na sitaki kukosea. Nimsikilize nani?"

Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kueleza hali yako kwa kina, maana maelezo hayo ndiyo yanayoniwezesha kukujibu bila kubahatisha. Umepewa ushauri na watu watatu, na kila mmoja ana chembe ya ukweli, lakini ukiufuata wote kwa pamoja utapata birika la zege lililojaa samadi na maji yasiyo na pa kwenda. Nadhani hofu yako kubwa ni ile ya sumu, na ni hofu ya haki kwa mzazi, kwa hiyo nitaanza nayo. Hata hivyo nakuomba usiishie hapo, kwa sababu katika matuta ya namna hii mimea mingi hufa kwa maji yaliyokwama na kwa ujazo mbaya, mambo ambayo hayahusiani na sumu ya ukuta.

Tofali jipya hutengenezwa kwa saruji, mchanga, kokoto ndogo na maji. Saruji inapoganda hutoa chokaa, na chokaa hiyo ndiyo inayofanya zege bichi liwe na pH (kipimo cha uchachu, ambacho 7 ni katikati na namba kubwa zaidi ni kinyume cha uchachu) ya 12 hadi 13, kiwango kinachoweza kuunguza ngozi ya mikono. Lakini hali hiyo haidumu juu ya uso wa tofali. Kadiri siku zinavyopita, chokaa iliyo karibu na uso hukutana na kaboni dayoksaidi iliyomo hewani na kugeuka kuwa kalsiamu kaboneti, ambayo ni madini yaleyale yanayounda mawe ya chokaa, na ukali wake hupungua sana. Kinachobaki kuchuruzika kuelekea kwenye udongo ni kiasi kidogo cha kalsiamu. Hiyo si sumu, na mimea yenyewe huihitaji.

Athari halisi ni ya aina nyingine: udongo ulio karibu na ukuta huweza kupanda pH polepole. Udongo ukipita takriban 7.5, madini ya chuma, manganizi na zinki hujifunga katika hali ambayo mizizi haiwezi kuyafyonza, hata kama yamo tele. Dalili yake huonekana kwanza kwenye majani machanga, ambayo hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mboji ya kutosha, yaani mbolea ya mabaki ya mimea na samadi yaliyooza, huizuia hali hii kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa huukinga udongo usibadilike pH kwa haraka. Unachotakiwa kufanya ni kuyamwagia matofali mapya maji mengi, kuyaacha nje wiki kadhaa kabla ya kuyatumia, na baadaye kutotia majivu ya kuni wala chokaa ya shambani ndani ya tuta hilo, maana utakuwa unaongeza kile ambacho ukuta tayari unakitoa. Mimea inayopenda udongo wenye uchachu mwingi, kama vile bluberi, haifai humo. Mboga za kawaida hazitapata shida.

Kwa matofali ya zamani jibu langu ni tofauti, na hapa sina ulegevu. Yale yenye rangi usiyatumie. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Marekani ilizuia rangi hizo majumbani mwaka 1978, na katika nchi nyingi zuio lilikuja baadaye sana. Risasi haiozi wala haiyeyuki ikaondoka na mvua. Rangi inapobanduka, chembe zake hubaki kwenye udongo wa juu, hushika kwenye majani na viazi, na huingia mdomoni mwa mtoto anayecheza hapo. Kuuelekeza nje ule upande wenye rangi hakuondoi tatizo, kwa kuwa chembe zitaanguka palepale watoto wanapokanyaga. Wala usiikwangue rangi hiyo ikiwa kavu, kwa sababu vumbi lake ni hatari kuliko rangi iliyotulia.

Matofali ya zamani yasiyo na rangi nayo yanahitaji tahadhari ikiwa hujui yalikotoka. Zamani baadhi yalitengenezwa kwa majivu na masalia ya makaa ya mawe, ambayo huwa na kiasi fulani cha arseniki na metali nyingine nzito. Hata leo majivu laini ya makaa ya mawe huchanganywa na saruji viwandani. Ndani ya tofali gumu metali hizo hufungwa vizuri na hutoka kwa shida sana, kwa hiyo tofali zima halinitii wasiwasi. Tofali linalomeguka na kugeuka unga mkononi ndilo ninalolikataa, hasa kwa tuta la chakula. Na wakati wa kukata tofali lolote, jipya au kuukuu, lilowanishe maji na uvae barakoa inayoziba vizuri, kwa kuwa vumbi la zege lina silika inayoharibu mapafu daima. Bahati njema ni kwamba, kwa vipimo nitakavyokupa, huenda usilazimike kukata hata moja.

Sasa tuje kwenye urefu. Ulikusudia kozi tatu, yaani sentimita 60 ikiwa kila tofali lina kimo cha sentimita 20. Mimi ningekushauri uishie kozi mbili. Udongo haukai tu ndani ya ukuta, bali huusukuma kwenda nje, na msukumo huo huongezeka kadiri unavyoshuka chini. Ukijumlisha msukumo wote, unakuta unakua kwa mraba wa kimo: tuta la sentimita 60 husukuma ukuta kwa nguvu ya mara mbili na robo ya tuta la sentimita 40, na uwezo wake wa kuupindua ukuta huzidi mara tatu. Udongo ukijaa maji, msukumo huweza kuzidi maradufu tena. Ndiyo sababu ukuta wa kozi mbili uliopangwa bila mota (saruji na mchanga wa kugandisha matofali) husimama miaka mingi, ilhali wa kozi tatu uliopangwa vilevile huanza kutoa tumbo baada ya misimu michache ya mvua.

Kozi ya tatu wala haiongezi mavuno, ikiwa chini ya tuta pako wazi. Sentimita 40 za udongo mzuri zinatosha mboga nyingi, na mizizi inayotaka zaidi itashuka kwenye ardhi iliyo chini. Ningeikubali kozi ya tatu kwa mtu asiyeweza kuinama au anayetumia kiti cha magurudumu, na hapo ningesisitiza msingi wa zege chini ya ukuta pekee, nondo za milimita 12 zinazopita ndani ya matundu kuanzia kwenye msingi huo, na matundu hayo kujazwa zege. Hiyo ni kazi ya fundi mwashi.

Kabla ya kupima eneo, kumbuka kuwa tofali lenyewe hula nafasi. Watu wengi huchora tuta la upana wa mita 1.2, wakajenga, kisha wakashangaa kubakiwa na sentimita 80 za kupandia. Ninapendelea upana wa ndani usiozidi mita moja, kwa kuwa kutoka nje ya ukuta hadi katikati inakuwa sentimita 70, na huo ndio umbali ambao mkono wa mtu mzima hufika bila kuchoka. Hutakuwa na sababu ya kukanyaga ndani, na udongo usiokanyagwa hubaki mwepesi.

Kwa matofali ya sentimita 40 kwa 20, tuta la mita 3.2 kwa 1.4 kwa vipimo vya nje hutoshea bila kukatwa kwa tofali. Kozi ya kwanza, panga matofali manane upande mmoja mrefu kutoka kona hadi kona, matatu kila upande mfupi, na saba upande mrefu wa pili yakikaa katikati ya ncha za zile pande fupi. Jumla ni 21. Kozi ya pili igeuze: upande uliokuwa na saba sasa upate manane, na ule wa manane upate saba. Utaona kwamba kila kiungo cha juu kimeangukia katikati ya tofali la chini, na kona zote zimeshikana. Huo mshikamano ndio nguvu ya ukuta usio na mota, na ni kosa kubwa kupanga viungo vikafuatana kwa mstari mmoja kutoka juu hadi chini.

Chini ya ukuta chimba mfereji wa kina cha sentimita 10 hadi 15, ondoa majani na udongo wenye mizizi, mwaga kokoto ndogo na uzishindilie mpaka zisipobonyea tena. Hapa kokoto zina kazi, kwa kuwa zinabeba tofali na kulisawazisha. Kagua usawa kwa pimamaji katika kila tofali la kozi ya kwanza, na upime pia mishazari miwili ya tuta: ikilingana, kona zako ni za mraba. Tumia muda mwingi kuliko unavyodhani kwenye kozi hii, maana kosa la nusu sentimita chini halirekebishiki juu. Kisha pigilia nondo kupitia matundu ya kona, na moja kila baada ya mita moja hivi, ziingie ardhini angalau sentimita 30. Matundu yote yajaze udongo au kokoto, kwa sababu yakiachwa matupu hukaliwa na siafu, konokono na hata nyoka.

Fundi wako anawaza kama mjenzi wa nyumba, na kwa nyumba angekuwa sahihi. Lakini sakafu ya zege chini ya tuta itageuza udongo wako kuwa dimbwi, na lipu ya ndani itaziba zile nyufa ndogo kati ya matofali ambazo ndizo njia za maji. Acha chini wazi. Ukitaka kupunguza mgusano wa udongo na saruji, pamoja na ile tabia ya tofali kunyonya unyevu wa udongo ulio pembeni, tandika nailoni nzito kwenye kuta za ndani tu na uiishie sentimita chache juu ya ardhi. Usiitandike chini kamwe. Ikiwa kwa sababu yoyote utajenga kwa mota, acha viungo vya wima vya kozi ya chini bila mota kila baada ya mita moja au zaidi kidogo, ili maji yapate pa kutokea.

Ushauri wa rafiki yako kuhusu kokoto ndani ya tuta unastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu umeenea sana na unaonekana wa busara. Mtu hudhani kwamba maji, yakifika kwenye tabaka lenye nafasi kubwa, yatateremka upesi. Ukweli ni kinyume chake. Maji yaliyomo kwenye udongo hushikiliwa na vinyweleo vidogo vilivyo kati ya chembe, na vinyweleo vidogo huyashikilia kwa nguvu kuliko nafasi pana za kokoto. Kwa hiyo maji yanapofika mpakani husimama hapo, na hayaanguki kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa. Lowanisha sifongo, kisha uishike hewani: chini yake hakuna kitu cha kuzuia maji, na bado sehemu yake ya chini hubaki imejaa maji. Udongo hufanya hivyohivyo, na kwa sentimita 10 za kokoto umelinyanyua lile tabaka lililoshiba maji na kulileta karibu na mizizi. Kinachosaidia ni udongo unaoshuka bila mpaka mkali, kutoka kwenye ujazo mpya hadi kwenye ardhi ya asili.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kujaza, ingiza jembe uma kwenye mfinyanzi wako na uulegeze sentimita 20 kwenda chini. Ufanye hivyo ukiwa na unyevu wa wastani, kwani ukiuchimba ukiwa umelowa utaufinyanga na utakauka ukawa kama tofali la pili. Tandaza sentimita tano za mboji juu yake na uzichanganye. Usijaribu kuulainisha kwa mchanga, kwa kuwa kiasi kidogo cha mchanga ndani ya mfinyanzi huuongezea ugumu, na kiasi cha kutosha kuubadilisha ni kikubwa mno. Kama kuna nyasi sugu, makaratasi ya boksi yasiyo na gundi ya plastiki yanaweza kutandikwa ili kuziua, lakini ikiwa mchwa wanasumbua mahali pako, yaache.

Kwa tuta hili nafasi ya ndani ni mita 2.8 kwa 1 kwa 0.4, yaani takriban mita za ujazo 1.12. Udongo uliolegezwa hushuka, hivyo andaa kama mita za ujazo 1.3. Mchanganyiko ninaouamini ni sehemu mbili za udongo tifutifu wa juu kwa sehemu moja ya mboji iliyoiva. Mbolea tupu aliyokushauri rafiki yako, hata ikiwa ni mboji nzuri, haifai, na sababu ni zaidi ya moja. Mboji huendelea kuoza, kwa hiyo tuta lililojazwa hiyo peke yake hushuka sana ndani ya mwaka mmoja. Hukauka haraka, na ikishakauka kabisa hukataa kulowana tena. Tena huwa na chumvi na fosforasi kupita mahitaji ya mmea, na fosforasi ikizidi huzuia ufyonzaji wa chuma na zinki, jambo ambalo tayari ukuta wa saruji unaweza kulichochea. Udongo wenye madini ndio unaolipatia tuta uzito, kimo na uwezo wa kushika maji kwa muda mrefu, wakati mboji inalipatia uhai.

Kama una magogo na matawi mengi, yanaweza kukaa chini ili kupunguza gharama ya udongo, ila kwenye tuta la sentimita 40 nafasi haitoshi. Mbao zinapooza, vijidudu huchukua naitrojeni iliyo karibu, na mimea hubaki njano, kisha tuta huzama bila usawa. Maranda na vumbi la mbao ni vibaya zaidi vikichanganywa ndani. Vyote viwili vitumie juu kama matandazo.

Samadi mbichi usiitie ukiwa karibu kupanda. Huunguza mizizi kwa amonia, na inaweza kubeba bakteria wanaoumiza watu, watoto hasa. Kanuni za kilimo-hai za Marekani zinataka siku 120 zipite kati ya kutia samadi mbichi na kuvuna mazao yanayogusa udongo, na ni kipimo kizuri kwa bustani ya nyumbani popote.

Kuna hatari nyingine ambayo hukuiuliza nami sitaki ikupite. Baadhi ya viuagugu vya malisho, vyenye viambato kama aminopyralid na clopyralid, hupita kwenye tumbo la ng'ombe bila kuharibika na hudumu hata baada ya samadi kuoza. Mboji ya namna hiyo huonekana nzuri na hunukia vizuri, lakini nyanya na maharage hupinda majani na kudumaa. Kwa hiyo, kabla ya kununua mzigo mkubwa, chukua kidogo, changanya nusu kwa nusu na udongo unaouamini, uweke kwenye makopo machache na upande maharage, na makopo mengine machache uyajaze udongo huo peke yake. Baada ya wiki tatu linganisha. Majani yakiwa yamejikunja kama kikombe kwenye makopo yenye mboji lakini si kwenye yale ya udongo peke yake, usiilete mboji hiyo nyumbani kwako.

Tuta likishajaa, limwagilie mara kadhaa na uliache wiki mbili lishuke, ndipo uongeze na kupanda. Pembezoni patakauka mapema, hasa upande unaopigwa na jua la mchana, kwa kuwa tofali hunyonya unyevu na kuhifadhi joto. Weka matandazo ya sentimita tano, na mimea inayovumilia ukavu uipande karibu na ukuta. Matundu ya matofali ya juu unaweza kuyapandia vitunguu vya majani au viungo vidogo, mradi ukumbuke kuyamwagilia mara nyingi kuliko tuta lenyewe. Kila msimu ongeza sentimita mbili au tatu za mboji juu bila kuchimbua.

Lipo jambo moja la kulipima kabla ya kuanza, kwa kuwa umesema maji hutuama. Chimba shimo la sentimita 30 hapo utakapojenga, lijaze maji, liache linywe, kisha lijaze tena na uangalie. Maji yakishuka sentimita mbili na nusu au zaidi kwa saa, endelea bila wasiwasi. Yakiwepo bado kesho yake, tuta peke yake halitatosha, na unahitaji mtu aje auone mteremko wa uwanja na kukuchorea mfereji wa kuyaondoa maji, kabla hujapanga tofali hata moja.

Vivyo hivyo mwite mhandisi au fundi mwenye uzoefu ikiwa tuta litaegemea ukuta wa nyumba, likiwa kwenye mteremko, au likizidi sentimita 60. Usijenge kabisa juu ya dari la zege au baraza la ghorofa bila mhandisi, kwa sababu sentimita 40 za udongo uliolowa hukaribia kilo 700 kwa kila mita ya mraba, na sakafu nyingi za makazi hubuniwa kubeba mizigo ya kilo 150 hadi 200 tu kwa eneo hilohilo. Ikiwa uwanja wako uliwahi kuwa gereji, karakana au sehemu ya kuchomea taka, au ikiwa ule ukuta wenye rangi ulibomolewa papo hapo, peleka sampuli ya udongo maabara ipimwe risasi, na ukipata kiwango cha juu mpeleke mtoto akapimwe damu hata kama anaonekana mzima. Na baada ya mwaka mmoja au miwili, majani machanga yakianza kuwa manjano kati ya mishipa, mpelekee afisa ugani jani pamoja na udongo uliochotwa karibu na ukuta na uliochotwa katikati, kila mmoja katika mfuko wake, kabla ya kutia salfa au kitu kingine chochote. Salfa hushusha pH polepole kwa kazi ya bakteria wa udongo, huchukua miezi, na kiasi chake hukadiriwa kwa kipimo.